Gari na Matunzo Yake: Koili ya Pikapu Iko Wapi?

Mkulima wa Likoni apelekaye nazi na mihogo sokoni Kongowea aghalabu huvuka kwa feri. Foleni ikiwa ndefu, pikapu yake hukaa juani muda mrefu. Feri ifikapo gatini upande wa kisiwani, stata huzunguka kwa nguvu, lakini injini haiwaki. Walio nyuma hupiga honi, na wanunuzi wangoja sokoni. Wengi hapo huilaumu petroli. Baada ya nusu saa injini huwaka kana kwamba haikuwa na kasoro. Hiyo mara nyingi ni dalili ya koili iliyochoka: hufa ipatapo joto, hufufuka ipoapo.

Betri ya gari hutoa volti 12 tu, nazo hazitoshi kurusha cheche katika plagi. Koili, yenye nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma, huzikuza volti hizo hata zikafika 20,000 au zaidi. Kwa sababu hiyo, mtu asiiguse wala asichomoe waya zake injini ikiwa inazunguka.

Kwanza, mwenye gari na ahakikishe kwamba injini yake ni ya petroli, maana ya dizeli haina koili wala plagi za cheche. Kisha na atoe ufunguo, afungue boneti, azitazame plagi na kuzifuata waya zake nene mpaka zikutanapo katika kifuniko cha distribyuta. Katikati ya kifuniko hicho hutoka waya nene moja peke yake. Mwisho wake ndipo ilipo koili. Katika pikapu za zamani hufanana na kopo dogo lililofungwa ubavuni. Ikiwa waya ya katikati haipo, huenda koili imefichwa ndani ya distribyuta yenyewe. Katika injini nyingi mpya, kila plagi ina koili yake juu yake.

Hewa ya Likoni, Kisauni na Changamwe ina chumvi, nayo huzila shaba. Basi kabla ya kununua koili nyingine, yafaa waya ya betri ifunguliwe, na vichwa vya waya za koili visafishwe na kukazwa. Fundi mwenye mita na aipime koili ikiwa baridi na ikiwa moto, kwani iliyochoka huweza kuonekana nzima ikiwa baridi.

Jambo moja la mwisho. Katika pikapu za zamani, ufunguo ukiachwa umewashwa hali injini imezimwa, umeme huweza kuendelea kupita na kuichoma koili. Dereva apendaye kusikiliza redio ndani ya feri huenda akaiunguza bila kujua. Na autoe ufunguo mpaka feri ifike gatini.