Mkimya na Lugha ya Pili

Mimi tangu utoto ni mkimya. Barazani jioni, wenzangu wakishindana kwa maneno, kazi yangu ni kupokea kahawa na kutikisa kichwa. Wakinitania hujikinga na methali: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kumbe kimya changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilikuwa ni woga uliovikwa kanzu.

Hilo nalitambua nilipoanza kujifunza Kigiriama, umri umeshapita hamsini. Miaka mingi nimenunua nazi kwa mzee mmoja Mgiriama katika soko la Kongowea, Mombasa, na maneno yetu yalikuwa matatu tu: bei, chenji, kwaheri. Nilipotaka kujifunza, ikanibidi niulize. Hiki mwakiitaje? Akanifunza kuwa maji kwao ni madzi, na jua ni dzua. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, lakini hata kwa ndugu hupigwa hodi.

Hapo nikaona ajabu. Mwanafunzi wa lugha hadaiwi ufasaha. Akisema maneno mawili yamtosha. Akinyamaza, hujulikana yuatafuta neno. Na swali, ambalo katika Kiswahili naliona kama kuchungulia nyumba ya mtu, sasa likawa ndilo somo lenyewe. Siku moja nikamwuliza wamwitaje mke. Akanijibu, kisha akainama. Wake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mwaka mzima nimemwuliza bei, wala sikumpa pole.

Lakini mlango huu hufungwa upesi. Kijana mmoja alinicheka matamshi, nami wiki nzima nikarudi kwenye maneno yangu matatu. Ikiwa hivyo kwa mtu mzima, mtoto je? Nasi barazani twamcheka mtoto akikosea Kiingereza au Kiarabu, na mgeni wa bara akikosea Kiswahili chetu. Chuoni tulifunzwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba asomaye Kurani kwa kukwama na kwa taabu ana malipo mawili. Sisi ni nani, basi, tumlipe mwenye kukwama kicheko?

Sikugeuka msemaji. Barazani ningali napokea kahawa. Lakini siku hizi nikimwuliza mtu habari za nyumbani, hungoja jawabu, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili pia.