Laptopu ya Bei Poa Iko Lamu, Wewe Uko Faza: Nani Atalipa Boti?

Tuseme muhula unafunguliwa, pesa za HELB hazijaingia, umesota. Kwa simu unaona laptopu ya mwanafunzi mwenzako: ngiri kumi na mbili, picha safi, "betri iko fiti." Jamaa yuko Lamu mjini. Wewe uko Faza, kisiwani Pate. Anakwambia, "Tuma nusu nikushikie, kuna mwingine anaitaka." Hapo sasa ndipo mambo huanza kuwa noma.

Kuuziana vitu vilivyotumika ni mpango poa, usidanganywe. Anayemaliza KMTC Lamu ana godoro na meko. Anayeingia hana hata sufuria. Wakiongea wao kwa wao, hakuna broka wa kukula katikati. M-Pesa iko tangu 2007, kwa hivyo kulipa si shida.

Shida ni bahari. Tovuti kama Jiji, iliyonunua biashara ya OLX hapa Kenya 2019, huwaambia wanunuzi wakague kitu kwanza ndio walipe. Ushauri fiti kabisa, kama unaishi Nairobi na mathree ziko kila kona. Sasa wewe wa Faza ama Kizingitini unangoja maji yajae ndio boti ipite, na kusi ikichachamaa safari inakuwa ndefu zaidi. Ukienda ukute laptopu ni mbovu, umelipa nauli kwenda na kurudi bure. Ndio maana wengi huamua kutuma doo bila kuona. Tapeli anajua hivyo vizuri sana. Halafu usitegemee ile 456 ya Safaricom: hiyo ni ya pesa uliyotuma kwa namba isiyo sahihi. Mtu akishatoa, jua imeenda.

Kwa hivyo yule mwanafunzi wa kisiwa cha mbali ndiye hubeba mzigo mara mbili: ana doo kidogo, na kuhakikisha kunamgharimu zaidi.

Lakini wewe una kitu ambacho msee wa Nairobi hana. Ukikosa ndugu Mkomani, utapata binamu Langoni. Huyo ndiye aende akaiwashe laptopu, aangalie chaja, aitishe risiti, kisha akupigie simu. Akisema sawa, unalipa hapo hapo, na nahodha mnayemjua anakuletea mzigo. Kama mko wanne mnanunua vitu, tumeni mtu mmoja, mchangie nauli.

Kwa simu, chanuka zaidi. Bonyeza *#06#, ulinganishe namba itakayotokea na ile ya boksi ama risiti. Muuzaji akianza kuzunguka, toka mbio. Sheria ya Kenya inasema ukishika mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, unaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya kutupa sana inaweza kuwa hiyo sababu.

Na wewe unayeuza: kama betri inakufa baada ya nusu saa, sema. Lamu ni ndogo, mtapatana tu jeti.

Anayekuharakisha utume kabla binamu yako hajafika, mwache auzie huyo "mwingine." Laptopu ya picha haiwaki, msee.