Bati na Moto
Juma hili, nilipopita katika vibanda vya mafundi wa jua kali pale Kibuye, ambapo tangu asubuhi nyundo hulia juu ya masanduku na majiko, nilimwona kijana aliyefunga kwenye drili yake kifaa kidogo chenye jino la chuma, ambalo hupanda na kushuka ndani ya tundu lake na kulimega bati kidogo kidogo, likidondosha vipande vyembamba vya umbo la hilali. Sikuona cheche hata moja. Mkato ulifuata mstari wa chaki hadi penye kona, na kingo zilibaki bapa. Ni kweli kwamba mkato wa katikati ya bati hudai kutobolewa kwanza, na kwamba hilali zile ni kali, zataka kufagiwa kabla mtoto hajapita peku. Lakini mtu mwenye drili nyumbani aweza kuyastahimili hayo, mradi avae miwani na glavu. Grainda, iliyo mashuhuri kwa wepesi, huiunguza zinki inayolihifadhi bati, na katika unyevu wa ufuo wetu wa Ziwa Victoria kutu huanzia papo hapo: haraka ya mkataji ni kutu ya mwenye nyumba. Nami nasema bila kusita kwamba fundi akataye paa la mtu kwa moto, hali ana uwezo wa kulikata likiwa baridi, amemdhulumu. Na mwenye nyumba, awe Dunga au Usenge, ana haki ya kuuliza habari ya chombo kabla ya kupatana ujira, kwani hata pasipo kifaa kile, mkasi wa bati upo.