Filamu, dola na mizani ya hisba



Ijumaa moja baada ya swala hapa Bukoba mjini nilifuatwa na mzee mmoja aliyevuka ziwa kutoka visiwa vya Muleba, upande wa Bumbiire. Aliniambia: "Waitu Sheikh, usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Vijana wote hujazana katika kibanda umiza, na kinachoonyeshwa humo ikishapita saa nne ya usiku siwezi kukitaja nikiwa na udhu. Wanangu wawili wamo. Kwa nini nyinyi masheikh hamwendi serikalini mkataka filamu zote zinazopingana na sheria ya Kiislamu zipigwe marufuku, kama wanavyofanya wenzetu katika nchi za Kiislamu?"

Swali hili linabeba maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza ni la watoto na kibanda umiza. Hili halihitaji sheria mpya wala halihitaji kadhi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupangiwa umri wa watazamaji kabla ya kuonyeshwa hadharani, na mamlaka yake hayakuishia Dar es Salaam, bali yalishushwa hadi mikoani na wilayani. Tatizo la mwaloni si upungufu wa sheria. Afisa utamaduni hana mtumbwi, naye mwenye kibanda analijua hilo.

La pili ndilo zito: kuitaka dola izuie filamu kwa jina la sheria ya Kiislamu. Wengi wetu tukisikia hivyo huitazama Zanzibar. Kule liko Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, lililowekwa kwa sheria Na. 7 ya mwaka 2015, na visiwa hivyo vimekuwa na tamasha kubwa la filamu, lile la Nchi za Jahazi, tangu mwaka 1998. Lakini sheria inayotumika katika sensa ya Zanzibar ni sheria ya Baraza la Wawakilishi, na kipimo chake ni maadili, mila na utamaduni wa Mzanzibari. Uislamu umo ndani ya utamaduni huo kama chumvi ndani ya mchuzi, hilo halina ubishi, ila mahakama ya kadhi kule hushughulika na ndoa, talaka, mirathi na mambo ya aina hiyo, haihukumu filamu. Kwa hiyo atakaye mfano kamili wa jambo analolitaka mzee wangu hana budi kwenda mbali zaidi, hadi Kano, kaskazini mwa Nigeria.

Kano ni mji wa Waislamu, wenye elimu ya dini ya karne nyingi, na ndio makao makuu ya filamu za Kihausa. Jimbo lilipotangaza kuhukumu kwa sharia mwaka 2000, utengenezaji wa filamu ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Hapa pana jambo la ajabu kidogo: watengenezaji filamu wenyewe ndio waliokwenda kuomba iundwe bodi ya sensa, maana waliona afadhali kukaguliwa kuliko kufungiwa kabisa. Bodi ikaundwa mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa pande mbili zikaishi kwa kuvumiliana. Malalamiko makubwa ya wanazuoni yalikuwa juu ya nyimbo na ngoma za wanaume na wanawake kwa pamoja, mtindo ulioigwa katika filamu za Kihindi.

Mwaka 2007 hali iligeuka. Picha chafu za faragha za mwigizaji mmoja zilisambaa kwenye simu. Haikuwa filamu, haikutengenezwa ili iuzwe, wala haikupita bodi yoyote. Pamoja na hayo, fani nzima ilifungiwa kwa miezi kadhaa. Bodi ikapewa mkuu mpya aliyetoka katika kikosi cha Hisba cha jimbo, na ikawa na mahakama yake ya kuhukumu papo kwa papo. Mwimbaji na mwigizaji Adam Zango alifungwa mwaka huo huo kwa ajili ya kanda ya nyimbo. Rabilu Musa, mchekeshaji aliyependwa sana kwa jina la Ibro, alifungwa mwaka 2008. Watengenezaji wengi walihamishia kazi zao Kaduna.

Kesi iliyonikalia zaidi moyoni ni ya Hamisu Lamido Iyan-Tama. Filamu yake, Tsintsiya, yaani ufagio, ilihusu mapenzi ya vijana wa dini mbili na ililenga kuhimiza amani baina ya Waislamu na Wakristo, katika nchi iliyokwisha kumwaga damu nyingi kwa sababu hiyo. Alishitakiwa kwamba imeuzwa Kano bila kupita kwenye bodi. Yeye alijitetea kuwa alikwisha kutangaza isiuzwe Kano. Alihukumiwa kifungo cha miezi 15, akakaa ndani miezi kama mitatu, hadi mwanasheria mkuu wa jimbo mwenyewe alipokiri kuwa kesi haikuendeshwa sawasawa, na mahakama ya juu ikaamuru isikilizwe upya. Msomaji aongeze na hili: mwaka 2007 Iyan-Tama alikuwa mmoja wa waliogombea ugavana wa Kano. Sidai kuijua nia ya mtu, kwani nia anaijua Allah peke yake. Lakini mpiga kura wa kawaida aliyeyaona haya mawili yakifuatana, nani atamlaumu kwa kudhani anachodhani?

Sasa tuulize: je, huku ndiko kutumia sharia? Imam Ghazali (r.a.), aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameieleza hisba kwa urefu katika Ihya, na hakumwachia mwenye mamlaka mlango wazi. Jambo linalokatazwa lazima liwe munkar kweli. Liwe lipo wakati huo, si lililokwisha kupita wala linalohofiwa tu. Liwe dhahiri bila ya kupeleleza. Tena ubaya wake uwe unajulikana bila kuhitaji ijtihadi, maana pale wanazuoni wanapohitilafiana, mmoja hawezi kumfunga mwenzake kwa rai yake. Ndipo ikaja ile habari ya Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Mtu yule akamjibu kuwa, ikiwa mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu: umepeleleza, umeingia kwa nyuma na hukubisha hodi. Khalifa, pamoja na haiba yake, alinyamaza, akamwacha baada ya kumtaka atubie.

Ipime Kano kwa mizani hii. Picha za simu zilikuwa faragha iliyovunjwa, na aliyestahiki kuandamwa kwanza ni msambazaji. Filamu ya mapenzi inayohimiza amani ni jambo la khilafu. Na khilafu hizi hubadilika: Ar-Risala ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo sura ya Mtume (s.a.w.) haimo hata mara moja, ilipingwa vikali na wanazuoni wa wakati ule; mwaka 2018 ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya Saudi Arabia. Lau mtengenezaji wake angefungwa kwa ajili ya rai ile, ni nani leo angemrudishia miaka yake?

Kibanda umiza cha mwaloni, kwa upande mwingine, kinatimiza masharti yote. Uchafu uonyeshwao mbele ya watoto ni munkar bila khilafu, upo usiku huu huu, na sauti yake husikika hadi msikitini.

Nalo jambo jingine, watu wa ziwa hili tusilisahau. Ilipotoka Darwin's Nightmare, ile tuliyoizoea kwa jina la filamu ya mapanki, Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006, na mwandishi wa habari mmoja aliyezungumza ndani yake alikamatwa. Filamu ile ilikuwa na kasoro. Habari za silaha ndani ya ndege za samaki zilidokezwa kuliko zilivyothibitishwa. Lakini mapanki tuliyaona wenyewe. Minofu ilipanda ndege, mifupa ikabaki kwetu. Hasira ya wakuu wakati ule haikuhitaji jina la dini. Tukiwapa na jina la dini, filamu itakayosema ukweli kuhusu mialo ya Goziba au Kemondo itazuiwa kwa fatwa, na sisi masheikh tutaombwa tuitie sahihi.

Nilimjibu mzee wangu haya kwa ufupi, Ijumaa iliyofuata. Hakuridhika sana. Aliniuliza: "Basi wanangu niwaache?" Nikamwambia hapana, tuandike barua kwa mtendaji wa kijiji na kwa kamati ya mwalo, tukitaja sheria ya mwaka 1976, tukidai watoto wasiingie kibandani usiku. Nikamuuliza mwenye kibanda ni nani. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akamtaja jamaa anayeswali naye safu ya kwanza. Barua imekwenda, na mbalamwezi ijayo, insha Allah, nitavuka mimi mwenyewe nikazungumze na jamaa huyo.