Wazamiaji wa uokoaji: vifaa vifanane au kila mtu na vyake?

Uko mita 20 chini ya maji yenye tope na mwenzako anaishiwa hewa. Hawezi kusema, na wewe humwoni. Anachoweza ni kupapasa kifuani kwako akitafuta mpira wako wa pili wa kupumulia. Upo kulia au kushoto? Umening'inia shingoni au umechomekwa mfukoni? Kama kila mmoja alijifunga vifaa kwa staili yake, hapo ndo mnaanza kutafutana, na muda hamna.

Wazamiaji duniani wamebishana kuhusu jambo hili kwa zaidi ya miaka 30.

Upande mmoja uliibuka Florida, Marekani, kwa watu wanaozamia kwenye mapango yaliyojaa maji. Huko juu yako ni mwamba, huwezi kuibuka tu ukipata shida. Wakaamua kila mtu wa timu afunge vifaa sawasawa na mwenzake: mpira mrefu wa kama mita mbili, ambao ndio unaupumulia na ndio unaompa mwenye shida, na wa akiba unaning'inia chini ya kidevu kwa kamba. Shirika la GUE, lililoanzishwa 1998, limejengwa juu ya msimamo huo. Wapinzani wao wanasema jamaa wamezidi, wanaendesha uzamiaji kama dhehebu.

Upande wa pili ndio mkubwa. Vituo vingi vya Zanzibar, Pemba na Mafia vinafundisha kwa mifumo kama ya PADI, ambayo inakubali tofauti. Mpira wa akiba uwe na rangi inayoonekana, ukae kati ya kidevu na mbavu, na kabla ya kuingia majini mkaguane. Mtalii anakuja na vifaa vyake kutoka Ujerumani, mwenzake kakodi hapo hapo, wanaelezana, wanashuka. Kwenye maji maangavu ya Mnemba, hilo linatosha kabisa.

Sasa kwa mtu wa Matwebe hii inaweza kuonekana habari ya watalii. Siyo. Rungwe haina bahari ila ina maji: Mto Kiwira, Ziwa Ngosi, na Ziwa Kisiba ambalo wengi tunaliita Masoko, lile la simulizi za Wajerumani kutupa fedha na silaha zao. Mtu akizama, anayetegemewa ni mzamiaji wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na maji yake siyo ya Mnemba. Mara nyingi anafanya kazi kwa kupapasa, amefungwa kamba iliyoshikwa na mwenzake aliye juu.

Ajali ikiwa kubwa, timu zinachanganyika. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 walikufa, lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya kivuko hicho. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walifika kwanza na mitumbwi na kamba zao. Watu 19 walifariki. Kule Likoni, Mombasa, mwaka 2019 gari lililotumbukia kutoka kwenye feri lilitolewa siku ya 13, na wanamaji wa Kenya walifanya kazi pamoja na wazamiaji binafsi kutoka Afrika Kusini. Kina cha mita 58, mkondo na giza la maji ndivyo vilivyosumbua zaidi pale. Ila angalia mchanganyiko wa watu: mwanajeshi, askari wa zimamoto, mzamiaji wa kukodi, mvuvi. Wote maji yale yale.

Hapo tofauti ndogo zinakuwa kubwa. Mtungi mmoja una mdomo wa kusokota, regulata iliyoletwa ni ya kubana kwa klempu. Geji ya huyu inasoma bar (siyo ile ya bia), ya yule inasoma psi. Mtungi uliojaa ni bar 200 kwa huyu na karibu 2,900 kwa yule. Sasa mmoja akiambiwa "nimebakiza 500", aelewe nini? Kwa psi hiyo ni hewa ya kuanza kupanda juu. Hata kamba ina lugha yake: mvuto mmoja, miwili, minne. Timu mbili zilizofundishwa sehemu tofauti zinaweza kuuelewa mvuto ule ule tofauti.

(Kingine, mitaani tunasema "mtungi wa oksijeni". Ndani ni hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa. Oksijeni tupu ukiivuta chini ya mita sita hivi inaweza kukuletea degedege.)

Kwetu huku kuna tatizo la ziada: mwinuko. Majedwali ya kawaida ya uzamiaji yametengenezwa kwa usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 hivi hesabu inabadilika. Kisiba liko kama mita 840, Ngosi linapita mita 2,000. Kompyuta nyingine za kuzamia zinajirekebisha zenyewe, nyingine lazima uziseti. Wawili wakishuka na aina mbili tofauti, moja inaweza kusema panda, nyingine ikasema subiri. Ukikosea, gesi inafanya mapovu mwilini, na kutoka Tukuyu hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800.

Je, tununue kila kitu cha aina moja? Binafsi naona hapana. Bajeti hazipo hivyo, vifaa vya msaada vinakuja vilivyo, na miili ya watu haifanani. Mapezi, miwani, koti la kuelea, kila mtu avae linalomkaa. Na kwenye upenyo mwembamba, anayefunga mitungi ubavuni anaweza kupita pale ambapo wa mgongoni anakwama.

Ila vile ambavyo mkono wa mwenzako utavitafuta gizani havipaswi kuwa hiari: mpira wa akiba ulipo na upi unatolewa, kizio cha geji, mpangilio wa kompyuta, ishara za kamba, mkanda wa risasi unafunguliwa vipi. Mengi ya hayo yanahitaji mafunzo ya pamoja kati ya zimamoto, wanamaji na polisi kuliko manunuzi.

Kwa upande wa midomo ya mitungi, kwa aina nyingi kuna adapta, kichuma kinachoenea kiganjani. Kinatakiwa kiwe kwenye gari la uokoaji kabla halijawashwa.