Ukuta wa mwenyeji, rangi ya mgeni

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa sana katika mapokezi na karamu, lakini ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: mwenyeji akishapona, mgeni hupata nini? Swali hilo si la adabu peke yake. Ni la sheria na la siasa pia, hasa katika enzi hii ambapo kuta na nyua za seng'enge mipakani zimekuwa nyingi kuliko zilivyokuwa mwaka 1989. Maisha ya mchoraji mmoja wa Kifaransa aliyehamia Berlin yanatupa jibu linalostahili kuzingatiwa.

Thierry Noir alizaliwa mwaka 1958 na kukulia Lyon. Mnamo Januari 1982 aliwasili Berlin Magharibi akiwa na masanduku mawili, bila kazi wala jina. Alipata makao katika mtaa wa Kreuzberg, ndani ya jengo la zamani la hospitali lililokuwa limetwaliwa na vijana. Karibu na jengo hilo ndipo ulipopita Ukuta ambao Ujerumani Mashariki ilianza kuujenga tarehe 13 Agosti 1961 ili kuwazuia raia wake kukimbilia Magharibi. Katika umbo lake la mwisho, ulikuwa wa mabamba ya saruji yenye kimo cha mita 3.6, nao pamoja na nyua zake uliizunguka Berlin Magharibi kwa kilomita zipatazo 155. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwa sababu yake.

Kreuzberg wenyewe ulikuwa mtaa wa wageni. Ukuta ulipoukata mmiminiko wa wafanyakazi kutoka Mashariki, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki mnamo Oktoba 1961 ili kupata watu wa kuendesha viwanda vyake. Watu hao wakaitwa Gastarbeiter, yaani "wafanyakazi wageni". Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Linakaribisha na papo hapo linaweka kikomo, kwa kuwa mgeni ni mtu anayetarajiwa kuondoka. Sisi nasi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hilo humtoa mtu katika ugeni: aliyelima na wenyeji ana haki ya kula nao. Neno la Kijerumani lilimkabidhi mgeni jembe siku ya kwanza, likanyamaza kuhusu mavuno.

Mnamo Aprili 1984, Noir na Mfaransa mwenzake, Christophe Bouchet, walianza kuuchora Ukuta. Walitumia rangi zilizosalia katika nyumba zilizokuwa zikikarabatiwa mtaani. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, maana Ukuta ulisimama ndani ya ardhi ya Mashariki, na hata ukanda wa mita chache uliokuwa mbele yake, upande wa Magharibi, ulikuwa wa Mashariki. Askari waliweza kutokea kwenye vijilango na kumkamata mchoraji. Kwa hiyo Noir alilazimika kuchora upesi: vichwa virefu vinavyotazama upande, midomo minene, rangi chache zinazong'aa. Mtindo uliompatia sifa duniani haukutoka katika chuo cha sanaa. Ulizaliwa na haja ya kumaliza kazi kabla ya kukamatwa.

Wapita njia nao walimshuku, wakitaka kujua nani anamlipa. Noir ameeleza mara nyingi kwamba hakukusudia kuupamba Ukuta, kwa sababu kitu kinachoua watu hakipambiki. Alikusudia kuuvua haiba yake ya kutisha. Kufikia mwaka 1987, Wim Wenders alipotoa filamu yake Der Himmel über Berlin, kazi ya mgeni huyu ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya sura ya mji.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 Ukuta ulifunguliwa, na ndipo mambo yalipogeuka. Dola ambayo askari wake waliwawinda wachoraji ilianza kuuza mabamba kwa fedha za kigeni. Mnamo Juni 1990 mabamba hayo yalipigwa mnada Monte Carlo, na miongoni mwake yalikuwamo yenye michoro ya Noir. Wachoraji hawakupewa chochote, wakaenda mahakamani.

Hoja dhidi yao ilikuwa nyepesi kueleweka: watu hawa waliharibu mali ya wengine bila idhini, na mkosaji hadai ujira. Mnamo Februari 1995 Mahakama ya Juu ya Shirikisho la Ujerumani ilikataa hoja hiyo. Ilitenganisha umiliki wa bamba na haki ya mchoro. Mwenye ukuta hakuomba kuchorewa, na ukuta unabaki kuwa wake. Lakini akiuuza kama kazi ya sanaa, aliyeifanya kazi hiyo anastahili fungu linalofaa la mapato.

Msomaji atauliza: je, kila atakayechora ukuta wa nyumba yangu atakuwa mbia wangu? La hasha. Hukumu hiyo haikuhalalisha kuchora bila ruhusa, wala haikumfanya mchoraji kuwa mmiliki. Ilichokataa ni unafiki wa kumwita mtu mharibifu asubuhi, kisha jioni kuiuza kazi yake kwa bei ya msanii.

Hapa ndipo kisa hiki kinapovuka mipaka ya sanaa. Katika nchi nyingi tajiri leo, wahamiaji wasio na vibali huvuna mashamba, hujenga nyumba na kuwauguza wazee. Wanasiasa huwaita wavamizi, ilhali uchumi hula matunda ya mikono yao. Mtu anaweza kuunga mkono udhibiti wa mipaka na bado akakiri kwamba jasho likishamwagika, lina hesabu yake.

Sisi Waafrika tuna sababu ya ziada ya kuutazama mji huo. Ni Berlin ambako, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, madola ya Ulaya yaliafikiana kanuni za kujitwalia bara letu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakachora mstari uliowagawa Wadigo na Wamaasai. Miaka 100 hivi baada ya mkutano ule, mji uliokuwa meza ya kuwagawia wengine mipaka ulikuwa umekatwa vipande viwili, na mhamiaji mwenye mabaki ya rangi akawa miongoni mwa waliouonyesha kwamba mpaka ni saruji tu.

Mnamo 1990 wasanii zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, Noir akiwemo, walichora kipande cha Ukuta chenye urefu wa kilomita 1.3 kiitwacho East Side Gallery. Mwaka 1991 kikawekwa chini ya hifadhi ya sheria, na mwaka 2013 sehemu yake ilipoanza kuondolewa kupisha ujenzi wa jengo la kifahari, maelfu ya watu waliandamana kuitetea. Mji uliotamani Ukuta ubomoke sasa unaulinda kwa sababu ya rangi iliyopakwa, kwa kiasi kikubwa, na wageni. Mwenyeji amepona. Haki ni kwamba mgeni naye ahesabiwe katika mavuno.