Mbwa Mwenye Saratani Anastahili Dozi Kamili

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mbwa huwa mlinzi kabla hajawa kipenzi. Huko Karema, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, hulala karibu na mitumbwi na nyavu, hufukuza ndege juu ya dagaa walioanikwa, na hubweka nyani wanapoingia shambani. Miaka ikipita, mlinzi huyo hugeuka mmoja wa nyumba: watoto humwita kwa jina, na mama mwenye nyumba humtengea ugali wake. Siku damu inapoanza kumdondoka sehemu za siri na uvimbe mwekundu wenye vinundu kuchomoza, nyumba nzima huingiwa na simanzi. Ushauri wa majirani huwa mfupi: mbwa huyo ameoza, amalizwe.

Ushauri huo haufai kufuatwa kabla mnyama hajapimwa. Katika maeneo ambako mbwa huzurura na kupandana bila kizuizi, uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni saratani inayoambukizwa kwa kujamiiana, na hiyo ni miongoni mwa saratani chache ambazo tiba yake ni rahisi na matokeo yake ni mazuri.

Maradhi haya ni ya ajabu katika elimu ya tiba. Saratani nyingi huzaliwa ndani ya mwili wa mgonjwa na hufa pamoja naye. Hii huhama. Seli hai za uvimbe hutoka kwa mbwa mmoja na kupandikizwa kwa mwingine wakati wa kupandana, kunusana au kulambana. Ndiyo sababu wakati mwingine uvimbe hutokea puani au mdomoni. Mwaka 1876 daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alionyesha kwamba uvimbe unaweza kupandikizwa kutoka mbwa hadi mbwa. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa katika karne hii umebainisha kwamba seli zote za saratani hii duniani zina asili ya mbwa mmoja aliyeishi miaka elfu kadhaa iliyopita. Saratani hii haimwambukizi binadamu. Mtoto aliyemkumbatia mbwa mgonjwa hana sababu ya kuogopeshwa nayo.

Kinachochelewesha tiba ni haya na kudhani. Damu ya jike hudhaniwa kuwa ni ya joto la kupandwa; ya dume hudhaniwa kuwa ni jeraha la ugomvi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Damu isiyokoma ni sababu tosha ya kumwita ofisa mifugo. Daktari wa mifugo hupangusa uvimbe kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini, na kwa kawaida jibu hupatikana bila upasuaji.

Dawa inayotegemewa ni vinkristini, inayodungwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki. Mbwa wengi hupona baada ya sindano nne hadi sita. Uvimbe huanza kunywea mapema, pengine baada ya sindano ya pili, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye mbwa huona damu imekata, akahesabu nauli na gharama, akaamua kwamba inatosha. Seli zilizobaki hukua upya, na mbwa akizurura huwapelekea wenzake. Tiba huendelea mpaka daktari athibitishe kwamba uvimbe umekwisha.

Uuguzi wa nyumbani una uzito sawa na sindano. Vinkristini hupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo daktari hupima damu, na akiona zimeshuka mno huahirisha dozi. Mbwa anaweza kukataa chakula au kutapika kwa siku moja au mbili. Apewe chakula laini kidogo kidogo, na maji safi yasikosekane. Akilegea sana, akipata homa au akiharisha damu, asisubiriwe hadi wiki ijayo. Dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo sindano hii si kazi ya fundi wa kubahatisha. Kwa siku kadhaa baada ya dozi, mkojo, kinyesi na matapishi huweza kuwa na mabaki ya dawa: visafishwe kwa glovu, na wajawazito na watoto wakae mbali navyo. Muda wote wa tiba mbwa afungwe, kwa wema na kivulini.

Lipo pingamizi zito linalostahili kujibiwa. Kwa nini mbwa atibiwe saratani katika nchi ambako wapo watu wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa? Pingamizi hili huuma zaidi pale mtu anapojua kwamba vinkristini ni dawa ya watoto pia. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika, na hadi leo vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazoutibu. Dawa hiyo asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, ambao hupandwa kama pambo majumbani. Isidhaniwe kwamba majani yake yakichemshwa yatatosha: dawa iliyomo ni chache mno, na mmea wenyewe una sumu.

Jibu la pingamizi ni kwamba hakuna dozi ya mtoto inayopaswa kuguswa kwa ajili ya mbwa. Dawa ya mnyama inunuliwe kwa mnyama, kwa njia halali na kwa cheti cha daktari wa mifugo. Zaidi ya hapo, tiba ya mbwa hufundisha. Familia iliyoona uvimbe ukiisha kwa sindano zilizohesabiwa haitaamini kwa urahisi kwamba saratani ni laana isiyo na dawa. Saratani za binadamu si sawa na hii, na nyingi ni ngumu zaidi. Lakini nidhamu zinayodai ni ileile: kuwahi, kupimwa na kumaliza dozi.

Ugumu wa kweli ni umbali. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na vinkristini inahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Familia moja haiwezi kubeba safari hizo kila wiki. Halmashauri inaweza: kukusanya mbwa wagonjwa siku moja, kumleta daktari na dawa yake katika kasha la barafu, na siku hiyohiyo kuchanja mbwa wote dhidi ya kichaa cha mbwa na kuhasi wasiohitajika kwa uzazi. Kuhasi hupunguza kupandana na kuzurura, na hivyo huziba mlango wa maradhi. Karema si mgeni wa uvumilivu wa namna hiyo. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomea tiba Malta, alifika hapo mwaka 1889 akawahudumia watu mpaka alipofariki mwaka 1956, na hospitali ya Sumbawanga inabeba jina lake.

Wapo mbwa ambao hawatapona, kwa kuwa saratani yao ni ya aina nyingine au imeenea mwilini. Mwenye mbwa aambiwe hivyo waziwazi, na mnyama alazwe kwa dawa ya daktari, mikononi mwa waliomlea. Mawe na sumu visitumike. Sumu iliyotegwa kijijini haichagui kati ya mbwa, kuku na mtoto. Anayetibika atibiwe hadi mwisho, na hesabu ya sindano ikamilishwe hata pale damu inapokuwa imekwisha kukata.